Omega niliyoichora kanisani: mzee anasema ni alama ya umeme

MchorajiKondele, Kisumu

Hamjambo wapendwa. Naomba mtu anayezijua herufi za Kigiriki kwa uhakika anisaidie, kwa sababu kazi yangu imefunikwa turubai tangu Jumamosi ya wiki iliyopita na sijalala vizuri.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Mwaka huu natimiza miaka 22 nikiwa na brashi mkononi hapa Kondele. Nimeandika vibao vya vinyozi, bei kwenye kuta za maduka, majina ya mashua kule Dunga, aya za Biblia nyuma ya matatu. Maneno "Alfa na Omega" nimeyaandika mara zisizohesabika, lakini siku zote kwa herufi zetu za kawaida. Safari hii kanisa moja dogo kando ya barabara ya kwenda Busia liliniita niandike herufi zenyewe za Kigiriki kwenye ukuta ulio nyuma ya mimbari: Α kushoto kwa msalaba, Ω kulia, kila moja urefu wa sentimita 90, rangi ya dhahabu juu ya buluu.

Alfa haikunisumbua. Ni mistari mitatu tu, na mtu mwenye uzi wa chaki na mkono mtulivu hawezi kuikosea. Omega ndiyo iliyonishika siku nzima. Nilipigilia msumari mdogo, nikafunga kamba, nikazungusha chaki hadi nikapata duara kamili. Kisha nikafuta sehemu ya chini, upana wa kiganja na vidole viwili, nikaleta miguu miwili inayolala chini, mmoja unatazama kushoto na mwingine kulia. Kazi yote iko kwenye unene wa mstari. Kule kileleni brashi iguse kidogo tu, mbavuni uilaze inenepe, na unapokaribia miguu uanze kuiinua tena. Ukitumia unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, herufi inakuwa kama chungu kilichopinduliwa, haina uhai. Niliipaka mara tatu. Niliposhuka kwenye ngazi na kuitazama kutoka mlangoni, niliona ni moja ya herufi nzuri zaidi ambazo mkono wangu umewahi kutoa. Nasema hivyo kwa shukrani.

Jioni hiyo mzee mmoja wa kanisa akaingia. Ni mtu ninayemheshimu sana, aliyefanya kazi ya waya za umeme maisha yake yote kabla ya kustaafu. Alivua kofia, akasimama kimya muda mrefu. Halafu akaniambia, "Mwanangu, hii ni alama ya ukinzani wa umeme. Nimeiona kwenye mita kila siku ya kazi yangu. Kesho watu watainua macho wakati wa sala, na vijana waliosomea ufundi wataona mita. Ifunike kwanza." Hakunikaripia. Alikuwa na uchungu kweli. Nikafunika.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza binti yangu, ambaye yuko mwaka wa pili wa umeme kwenye chuo cha ufundi. Alifungua mkoba, akatoa multimita, na hapo nikaiona: herufi yangu, na miguu yake, imechapwa kwa rangi nyeupe pembeni mwa kile kitufe cha kuzungusha. Siku mbili baadaye niko kwenye duka la dawa naona chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki. Imeandikwa Omega-3, na hiyo Ω imekaa katikati ya karatasi ya chupa.

Sasa naomba nijue. Je, hizi zote ni herufi moja, au ni alama tatu zinazofanana? Kama ni moja, nani aliazima kwa nani? Na kuna namna nyingine ya kuiandika Omega, namna ya kweli ambayo si ya kubuni, isiyofanana na ile ya kwenye mita? Malipo yangu ya nusu ya pili yamesimama, lakini si hilo linaloniumiza zaidi. Sipendi kuandika herufi nisiyoijua.

FundiSection58, Nakuru

Ndugu mchoraji, pole kwa turubai. Mimi ni fundi wa umeme na elektroniki, na upande huo naweza kukujibu bila wasiwasi.

Ni herufi ileile. Ile iliyo kwenye mita ya binti yako ni Omega ya Kigiriki, na sisi tuliikuta imeshazeeka. Kipimo cha ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, kinaitwa ohm kwa heshima ya Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Erlangen mwaka 1789. Alikuwa mwalimu wa shule kule Cologne alipochapisha mwaka 1827 ule uhusiano tunaoutumia kila siku: volti ni ampea mara ohm. Kwao walimpokea kwa ubaridi. Ilipita miaka mingi kabla ya kuheshimiwa, na mwaka 1841 jumuiya ya wanasayansi ya kifalme ya London ikampa nishani yake ya Copley. Jina lake likawa kipimo rasmi kwenye mkutano wa umeme wa Paris mwaka 1881.

Kwa nini hawakuandika O tu, herufi ya kwanza ya jina lake? Andika 10 kisha uweke O mbele yake. Umepata nini? Mia. Fundi atakayesoma mia mahali palipokusudiwa kumi anaweza kuunguza kitu, na wakati mwingine kuumiza mtu. Mhandisi wa simu za waya wa Uingereza, William Preece, ndiye aliyependekeza Ω mwaka 1867, kwa kuwa "ohm" na "omega" huanza kwa sauti moja. Kwa hiyo ilichaguliwa kwa sauti yake na kwa kuwa haiwezi kudhaniwa sifuri. Haikuwa na uhusiano wowote na kanisa, wala haikukusudia kumwondolea mtu herufi yake.

Nikueleze jambo lililonipata, ujue jinsi alama hii inavyoweza kumpoteza mtu. Nikiwa mwanafunzi tulipewa karatasi ya orodha ya vifaa, imechapishwa kwenye kompyuta. Mstari mmoja ulisema "R1: 47 W". Nikazunguka mji wa Nakuru kuanzia asubuhi nikitafuta rezista (kifaa kidogo cha kukinza umeme) ya wati 47. Duka la nne mzee muuzaji akaniuliza, "Wati 47 ya ohm ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi mikono mitupu, nauli imekwisha. Baadaye sana ndiyo nikaelewa. Kulikuwa na fonti ya alama iliyotumika sana zamani, ambayo ukibonyeza W inakutolea Ω. Faili likifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, Ω inarudi kuwa W. Na W ni alama ya wati! Yaani kosa halionekani kama kosa, linaonekana kama kipimo kingine halali. Ndiyo maana kwenye michoro mingi ya saketi utaona 47R badala ya 47 Ω, na 4R7 badala ya 4.7 Ω. R inakaa mahali pa nukta, hapo hakuna fonti wala nukta ya kupotea.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa maumbo: Ω ikipinduliwa miguu juu, ℧, ilikuwa kipimo cha kinyume chake, yaani wepesi wa umeme kupita. Kipimo hicho kiliitwa mho, ohm iliyosomwa kutoka nyuma. Siku hizi kinaitwa siemens, lakini kwenye vitabu vya zamani bado utaikuta hiyo Omega iliyosimama kichwa chini.

Mwambie binti yako ajaribu kitu kimoja. Achukue pasi ya nyumbani ya wati 1000, aichomoe kabisa ukutani na aiache ipoe. Azungushe kile kitufe cha joto hadi mwisho, maana kikiwa kimezimwa njia ya umeme imekatika na mita haitasoma kitu. Aweke mita kwenye Ω na aguse vyuma viwili vya plagi vinavyopitisha umeme, si kile cha ardhi. Kwa volti 240 za hapa kwetu, hesabu ni 240 mara 240 gawanya kwa 1000, yaani ohm 57.6. Atakuletea namba inayokaribia hapo.

MsomajiBungoma

Mimi naona mzee na mchoraji wote wanahangaikia kitu ambacho kingeandikwa kwa Kiswahili kikaisha. Andika "Mwanzo na Mwisho". Mama yangu anasoma Biblia yake kila siku jioni, lakini Kigiriki hajui, na akiingia kanisa hilo ataona maumbo mawili ya dhahabu yasiyomwambia kitu. Neno lilitafsiriwa ili tulisikie. Sisemi herufi ni mbaya, nasema ukuta wa mbele ya waumini ni wa kusomeka.

MwalimuMstaafu, Kakamega

Nimefundisha fizikia na hisabati miaka 31, na hakuna mwaka niliomaliza bila mwanafunzi kuniuliza kwa nini tunaandika kwa herufi za watu wengine. Nimefurahi swali hili kuulizwa na mtu anayeshika brashi. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Wagiriki walipata herufi zao kwa Wafoinike, na orodha ile ya Wafoinike iliishia kwenye T. Zilizo baada ya hapo Wagiriki waliziongeza wenyewe, na Omega ndiyo iliyokaa mwisho kabisa, ya 24. Ilizaliwa upande wa mashariki, kwa Wagiriki wa Ionia, katika miji kama Mileto iliyo kwenye pwani ya Uturuki ya leo. Na sasa sikiliza, mchoraji, maana hili ni lako: waliitengeneza kwa kuchukua O na kuifungua chini, kisha ncha mbili wakazikunjulia nje. Ulivyofanya kwa msumari, kamba na kitambaa cha kufutia ndivyo herufi yenyewe ilivyoanza, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Athene waliikubali rasmi mwaka 403 kabla ya Kristo, kwa hiyo ilikuwa imetumika karne nyingi kabla Yohana hajaandika Ufunuo, na miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya Preece.

Kwa nini walihitaji O ya pili? Kwa sababu ya urefu wa sauti. Sisi wa Kiswahili tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Sema "kondo", halafu sema "kondoo". Ukikosea hapo umemwita mnyama kwa jina la kitu kinachotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Sisi tunaiandika O mara mbili. Wao walitaka alama moja kwa kila sauti, hivyo O fupi ikabaki duara lililofungwa, na O ndefu ikawa duara lililofunguka. Karne nyingi baadaye, Wagiriki wenyewe walipoacha kutofautisha sauti hizo, wanazuoni wa zama za Bizanti walilazimika kuzitenga kwa majina: omikroni, yaani O ndogo, na omega, yaani O kubwa. Hiyo "mikroni" ni ileile iliyo kwenye maikroskopu. Na omikroni mnaikumbuka: Novemba 2021 Shirika la Afya Duniani liliita hivyo aina mpya ya kirusi cha korona. Vijana wengi darasani walidhani ni neno la hospitalini.

Herufi zilikuwa namba pia, na Omega ilikuwa 800.

Umeuliza kama iko namna nyingine ya kuiandika. Iko: ω, herufi ndogo. Hii nayo tumeiazima. Kwenye fizikia ni kasi ya kitu kinachozunguka, kwa radiani (kipimo cha pembe) kila sekunde. Umeme wetu wa Kenya unapanda na kushuka mara 50 kila sekunde, kwa hiyo ω yake ni 2 mara pai mara 50, karibu 314. Niliwafundisha hesabu hii kwa kuwapeleka kwenye kinu cha posho kilichokuwa karibu na shule, tukahesabu mizunguko ya gurudumu kwa kipande cha chaki kilichopakwa kwenye mkanda. Waliosahau kila kitu kingine nilichofundisha wananiambia wanalikumbuka gurudumu lile.

Kwenye nadharia ya uwezekano Ω ni mkusanyiko wa matokeo yote yanayoweza kutokea: ukirusha dadu, Ω ina vitu sita. Na ukitoka nje usiku wa Mei, saa tatu au saa nne, mahali pasipo na taa, utazame kusini, upande wa kushoto wa ule Msalaba wa Kusini, utaona nyota yenye ukungu. Johann Bayer alipochora ramani yake ya nyota mwaka 1603 aliipa herufi ω akidhani ni nyota moja. Ni kundi la mamilioni ya nyota. Kutoka kwetu hapa kwenye ikweta inapanda vizuri angani. Wenzetu wa London hawaioni kabisa.

MamaSamakiDunga, Kisumu

Mwanangu mchoraji, salamu. Mashua ya shemeji yangu wewe ndiye uliyeiandika, nimekujua kwa hizo herufi. Nitajibu juu ya chupa ya mafuta ya samaki.

Ninauza omena, yaani dagaa wa ziwani, na mbuta, yaani sangara. Wateja wangu wengi kule Kibuye wanaamini kwamba neno omega limetokana na omena, kwa kuwa wameambiwa omena ina omega. Majina haya hayana undugu, ni sauti tu zimekutana. Niliwahi kukaa siku tatu kwenye mafunzo ya lishe, na mkufunzi alitueleza kwa shanga. Naomba nieleze alivyoeleza, maana sikuwahi kusahau.

Alichukua uzi, akatunga shanga. Akasema kila tone la mafuta lina nyuzi kama hizi, na kila shanga ni kaboni moja. Upande mmoja wa uzi kuna kichwa, ndipo ile asidi ilipo. Upande wa pili ni mkia. Nyuzi hazina urefu mmoja: nyingine shanga 18, nyingine 20, nyingine 22. Sasa utaitaje shanga ya mkiani? Ukisema ya 18, kwenye uzi mwingine ya 18 iko katikati. Ndiyo wakaamua: iwe ndefu, iwe fupi, ile ya mwisho kabisa iitwe omega, kwa sababu omega ni ya mwisho. Halafu unahesabu kutoka mkiani kurudi. Kati ya shanga na shanga kuna kiungo, na viungo vingine ni vya mikono miwili. Ukikuta kiungo cha kwanza cha mikono miwili kimeanza kwenye shanga ya tatu kutoka mkiani, hiyo ni omega-3. Kikianza kwenye ya sita, ni omega-6. Hayo tu. Ile 3 haimaanishi nguvu mara tatu, wala daraja la tatu, kama nilivyosikia mtu akiwaambia akina mama sokoni ili auze chupa zake ghali.

Kwenye samaki kuna mbili kubwa za omega-3, zinaitwa EPA na DHA. Ya kwanza ina shanga 20, ya pili 22. Hiyo DHA iko kwa wingi kwenye ubongo na kwenye jicho. Ndiyo maana binti akija kwangu ana mimba ninamwekea omena iliyokauka vizuri juu ya wavu, si ile ya mchangani, na ninamwambia ale na wala asiichome ikawa makaa.

Kwa hiyo, mwanangu, hata hao wa mafuta walichukua maana ya kanisani: ya mwisho. Wa umeme walichukua sauti, sisi wa samaki tulichukua maana.

KatekistaNyalenda

Kwa wale wanaoona Ω ni ngeni kanisani: kila Mkesha wa Pasaka padri huuchora mshumaa wa Pasaka mbele ya watu. Huchora msalaba, juu yake Alfa, chini yake Omega, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe za msalaba. Ndugu wa Bungoma, waumini wetu hawajui Kigiriki, lakini hata watoto wa komunyo ya kwanza wanaijua Omega kwa macho, kwa sababu waliiona ikichorwa na wakaambiwa ni nini.

MwanaBunyore, Luanda

Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni Mwothodoksi. Watu wengi hawajui kwamba huku Bunyore tuna parokia za Kiorthodoksi tangu enzi za babu zetu, na kwamba herufi za Kigiriki tumezitazama kila Jumapili tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu.

Kwenye picha takatifu ya Kristo kuna duara la nuru nyuma ya kichwa chake. Ndani ya duara kuna msalaba, na kwenye mikono mitatu ya msalaba inayoonekana kuna herufi tatu: Ο, Ω, Ν. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la mchoraji. Babu ndiye aliyenieleza. Ni maneno mawili, "o on", na maana yake ni "Yeye aliyeko". Ndivyo Mungu anavyojitaja kwa Musa kwenye kichaka, Kutoka 3:14, katika Agano la Kale la Kigiriki. Sasa fungua Ufunuo 1:8. Baada ya Alfa na Omega yanafuata maneno "aliyeko na aliyekuwako na atakayekuja". Hilo "aliyeko" kwa Kigiriki ni maneno yaleyale mawili, "o on". Kwa hiyo Omega ina kazi mbili kwenye aya hiyo: kwanza kama mwisho wa herufi, kisha ikianzisha neno la yeye aliyeko. Mimi nikisimama mbele ya picha ile siwezi kuona mwisho tu.

Na jambo jingine, ambalo nadhani mzee wako angependa kulisikia. Kwenye Kigiriki cha Ufunuo, Alfa imeandikwa kwa jina lake kamili: alfa, lamda, fi, alfa. Lakini Omega haikuandikwa kwa jina. Imewekwa herufi yenyewe, peke yake. Mwalimu amekwisha kutuambia kwa nini: jina "omega" lilikuja baadaye, Yohana hakuwa nalo. Yaani ukiichora Ω ukutani bila maelezo, umefanya alichofanya aliyeandika kitabu.

Kuhusu umbo: kuna njia ya pili ya kweli kabisa. Ile yenye miguu ni ya waliochonga kwenye mawe. Walioandika kwa kalamu juu ya ngozi waliilaza mviringo, mabonde mawili yaliyoungana, kama ω, hata pale walipoandika herufi kubwa. Nakala za Biblia za karne ya 4 zimeiandika hivyo, na kwenye picha zetu takatifu nyingi iko hivyo hadi leo. Kwa hiyo ukichora Α upande mmoja na ω pana upande wa pili, hujachanganya kubwa na ndogo. Umefuata mkono wa waandishi wa zamani. Kaa na mzee, mwonyeshe zote mbili, achague. Ukuta ni wao.

MchorajiKondele, Kisumu

Sijui niwashukuru vipi. Nitaeleza yaliyotokea, kisha nirudi kazini kwa sababu mwanga unaisha.

Jana jioni nilikwenda nyumbani kwa mzee na simu yangu, nikamsomea majibu yenu yote, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nilipofika kwa fundi wa Nakuru na ile 47 W, aliinua kichwa akasema naye amewahi kuipata karatasi kama hiyo. Kwenye shanga za mama wa Dunga alimwita mkewe aje asikie. Lakini ni kwa ndugu wa Bunyore aliponisimamisha. Aliniambia nirudie pale paliposema Alfa imeandikwa kwa jina na Omega kwa herufi yenyewe. Nikarudia mara tatu. Kisha akaingia chumbani akatoka na mita yake ya zamani, ile ya sindano, imefungwa kwenye kitambaa. Akaiwashia tochi akaitazama ile alama kwa muda. Akasema, "Kumbe sisi watu wa umeme ndio tulioazima, na hakuna aliyetuambia."

Nilikuwa nimechora zote mbili kwenye kipande cha katoni, ya mawe na ya ngozi. Alichagua ya mawe, ile iliyo ukutani tayari. Akasema isiguswe. Ile ya ngozi ameniomba niiweke kwenye ubao wa watoto wa shule ya Jumapili, na herufi zote 24 juu yake, ili wakikua wasikutane nayo mara ya kwanza kwenye mita.

Ndugu wa Bungoma, ulichosema kuhusu mama yako sikukipuuza, na mzee naye hakukipuuza. Chini ya msalaba nimepima mstari mmoja, sentimita 18, na asubuhi ya leo nimeandika: MWANZO NA MWISHO. Yakifuatiwa na Ufunuo 22:13 kwa herufi ndogo. Mama akifika atasoma.

Turubai limetoka saa nane mchana. Kulikuwa na vumbi kidogo kwenye bega la kulia la Omega, nikalifuta kwa kitambaa chenye tapentaini, na nimerudia dhahabu hapo tu. Bado haijakauka.

Mwalimu, nimemwambia mke wangu kwamba Mei tutatoka nje kutazama hiyo nyota.

Na fundi, binti amepima pasi yetu. Mara ya kwanza mita haikusoma kitu, akakumbuka ulivyosema akazungusha kitufe cha joto. Imesoma 58.